Linki ya kuangalia tu iliyokuwa inaandika: shajara ya kurekebisha kalenda za wazi

Jumatatu asubuhi

Mama mwenye ukumbi kule Moshi, maeneo ya Majengo, kapiga simu. Sijamaliza hata shikamoo, kaniambia "mwanangu, kalenda yangu inachezewa". Sendofu ya Jumamosi imeruka imeenda Ijumaa, na mpambaji mmoja kashaona Jumamosi iko wazi, kamwambia mteja wake awahi kushika tarehe. Bahati mama ana kauntabuku lake chini ya meza, bukingi zote anaziandika humo kwa kalamu kabla hajagusa simu, kwa hiyo tumerudisha kila kitu kwa kusomeana kwenye simu, tarehe moja baada ya nyingine.

Kwa anayeingia hapa leo: mfumo wetu unatunza kalenda za watu wa huku, kumbi za sherehe Moshi, magari ya utalii Arusha, viwanja vya mpira vya kukodi, vitu vya namna hiyo. Mwenye kalenda anatengeneza linki ya wazi anaitupia kwenye magrupu ya WhatsApp, maMC na wapishi na wapambaji wanaangalia tarehe zipi ziko huru bila kumpigia simu usiku wa manane. Linki ni ya kuangalia tu, ndivyo ilivyoandikwa kwenye kitufe chenyewe.

Logi, yani kumbukumbu za maombi yanayoingia kwenye seva, zinasema vingine. Ijumaa jioni limeingia ombi la PUT, yani la kuandika, kupitia njia ya linki ya wazi, hakuna akaunti hakuna pasiwedi, na seva imejibu 204, yani "sawa, nimepokea". Ukifungua linki hiyohiyo kwenye brauza huoni sehemu yoyote ya kuediti, na ndo maana hakuna aliyewahi kushtuka.

Jumatatu mchana

Nimekaa na kodi ya seva nikiwa na chai ya tangawizi inayopoa. Picha imeanza kukaa sawa.

Linki yetu inafungua barabara mbili. Ya kwanza ni faili la iCalendar, lile la .ics, muundo wake uko kwenye RFC 5545 ya mwaka 2009 (RFC ni hati za viwango vya intaneti), simu inalivuta kwa GET, ombi la kusoma, inalisoma, basi. Huko hakuna shida maana faili linatengenezwa pale pale unapoliomba, hata ukitaka kuliandikia hakuna pa kuandikia. Barabara ya pili ni CalDAV, RFC 4791 ya 2007, na hii ni kitu kingine kabisa, imejengwa juu ya WebDAV, utaratibu wa kusoma na kuandika mafaili kwenye seva ya wavuti, na kila tukio lina anwani yake peke yake kwenye seva, ukituma PUT kwenye hiyo anwani umeandika, ukituma DELETE umefuta. Tuliiacha wazi kwenye linki kwa sababu ya wapambaji, wale wa faili la .ics wanalalamika simu zao zinachelewa kuona mabadiliko, kuna huduma zinavuta faili baada ya masaa mengi na huwezi kuziharakisha, wakati CalDAV inasinki fasta.

Sasa mtu akichukua linki akaibandika kwenye programu ya CalDAV, mfano DAVx5 ya Android au Thunderbird ya kompyuta, ile kurasa yetu isiyo na kitufe cha kuediti haioni kabisa. Anaongea na seva moja kwa moja. Na seva haikuwa na neno "kuangalia tu" popote, neno hilo lilikuwa linaishi kwenye HTML ya ukurasa peke yake.

Sidhani hata aliyehamisha ile sendofu alikuwa na nia mbaya. Mtu anaskroli kalenda kwenye simu, kidole kinakamata tukio kinalivuta siku moja nyuma, simu inasevu yenyewe. Hajui kafanya nini mpaka leo.

Jumatatu usiku

Kuzima moto kwanza. Nimeenda Nginx, proksi iliyo mbele ya seva yetu, maombi yanapita kwake kwanza, nikataka kuruhusu metodi (aina za maombi) za kusoma tu kwenye njia ya linki za wazi. Kuna amri ya `limit_except` ambayo inaonekana imetengenezwa kwa ajili hii hii, ila orodha yake ya metodi haina REPORT. PROPFIND ya kuulizia sifa ipo, LOCK ipo, hata PATCH ipo, REPORT hamna. Na CalDAV bila REPORT ni kazi bure, kuulizia matukio ya kuanzia tarehe fulani mpaka fulani ni REPORT, kuvuta matukio mengi kwa mpigo ni REPORT, ukiifunga hiyo umefunga kalenda nzima.

Nimeishia kuweka `map` juu ya `$request_method`: GET, HEAD, OPTIONS, PROPFIND na REPORT zinapita, mengine yote yanarudishwa 403, yani yamekataliwa. Watu wa Nginx wanachukia `if` na wana sababu zao, ila `if` inayofanya `return` peke yake haina neno.

Umeme ulikatika wakati nafanya haya lakini laptopu ilikuwa na chaji. Nimepandisha, nimejaribu kwa simu yangu, PUT imekataliwa. Nimemwambia mama alale.

Jumanne

Kiraka cha proksi kinasaidia ila hakijagusa ugonjwa. Leo nimeutafuta.

Ombi likiingia kupitia linki, seva inachukua tokeni, ule msimbo wa kipekee wa linki ulio kwenye anwani, inaulizia hifadhidata hii tokeni ni ya kalenda gani, inapata kalenda, inapata mwenye kalenda. Alafu, na hapa ndo pa kukaa chini, inaendelea na ombi *kama yule mwenye kalenda*. Inavaa jina lake. Kila swali la ruhusa linalofuata linaulizwa hivi: mama wa ukumbi anaruhusiwa kuandika kwenye kalenda ya mama wa ukumbi? Jibu ndiyo, siku zote. Ukaguzi wa ruhusa ulikuwepo na ulikuwa unafanya kazi vizuri tu, ila ulikuwa unamkagua mtu ambaye hayupo.

Yani umempa mgeni funguo za nyumba kwa sababu kaja na anwani ya nyumba.

Kuna RFC 3744 ya mwaka 2004 inayoeleza ruhusa za WebDAV, na humo kila anayeomba kitu ni "prinsipali" mwenye ruhusa zake: `DAV:read` ni kusoma, `DAV:write-content` kubadilisha kilichomo, `DAV:bind` kuongeza kitu kipya kwenye folda, `DAV:unbind` kutoa. Kwa hiyo nimetengeneza prinsipali mpya, ya linki yenyewe. Ukija na tokeni wewe ni ile linki, sio mama, na linki ina `DAV:read` basi. Haina mwenye, haina majina mengine ya kuvaa.

Swali likaja lenyewe: mama akifungua linki yake mwenyewe ya wazi huku kashaingia kwenye akaunti kwenye brauza hiyo hiyo, kuki zake, zile alama za kwamba kaingia, zinakuja na ombi, sasa yeye ni nani? Mwenzangu tunayesaidiana naye anasema aruhusiwe kuandika maana kalenda ni yake. Mi nimekataa. Ukija kwa njia ya linki unapata haki za linki, hata ungekuwa wewe ndo uliyejenga seva. Kwanza ndo njia pekee ya mama kuona kile wateja wake wanachokiona. Pili, siku ukianza kuchanganya haki za linki na haki za kuki hakuna mtu atakayeweza kukwambia kwa uhakika ombi fulani litapita au halitapita. Tumebishana mpaka chipsi zikaisha, kakubali.

Jumatano

MOVE na COPY. Hizi zilitaka kunipita.

Metodi hizi mbili zina anwani mbili, ya kwanza ni unakotoa, ya pili inakuja kwenye heda (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi) ya `Destination`, ni unakopeleka. Proksi inaangalia anwani ya kwanza tu. Kwa hiyo mtu mwenye akaunti ya kawaida kwetu angeweza kutengeneza tukio kwenye kalenda yake binafsi, anwani halali, ruhusa halali, alafu akafanya COPY na `Destination` ikawa njia ya linki ya ukumbi wa mama. Proksi inaona anwani binafsi inamruhusu. Seva, kwa kodi ya zamani, ingepokea.

Sasa hivi ukaguzi unafanyika pande zote mbili, MOVE inataka `unbind` kule inakotoka na `bind` kule inakoenda, na ikiwa kuna kitu cha jina hilo tayari inataka ruhusa ya kukifuta pia.

Nikiwa humo nikakuta PROPPATCH nayo ilikuwa inapita. Hii haigusi matukio, inabadilisha sifa za kalenda yenyewe, jina, maelezo, rangi. Nikampigia mama, samahani mama, kalenda yako ilikuwa rangi gani? "Kijani. Ila mbona siku hizi ni pinki, nikajua mmeipendezesha." Sio sisi mama.

Alhamisi

Nilidhani leo ni siku ya testi tu, kumbe.

Mpambaji mmoja wa Arusha, wa Sakina, anasema kaongeza tukio kwenye kalenda ya ukumbi na kwenye simu yake lipo. Kwenye seva halipo, na logi zinaonyesha ombi lake limekataliwa kama inavyotakiwa. Lakini kwa nini simu ilimpa nafasi ya kuongeza?

Jibu liko kwenye sifa moja inaitwa `current-user-privilege-set`. Programu ya kalenda ikiunganishwa inauliza seva kwa PROPFIND "mimi hapa naruhusiwa nini?", na kwa jibu hilo inaamua ionyeshe kalenda kama ya kusoma tu au ya kuandika. Seva yetu ilikuwa inajibu sifa hiyo kwa kodi tofauti na ile inayokagua maombi. Mkaguzi nimemrekebisha Jumanne, msemaji bado alikuwa anatoa majibu ya zamani: unaruhusiwa kila kitu. Simu ikaamini, ikafungua kitufe, mtu akaandika, seva ikamkatalia nyuma ya pazia, na yeye kabaki na tukio la hewa kwenye skrini yake. Kwa mtu wa sherehe hiyo ni hatari kuliko kukataliwa waziwazi, maana anaamini kashika tarehe.

Sasa msemaji na mkaguzi wanatumia fanksheni moja. Ukiuliza unaruhusiwa nini na ukijaribu kufanya, jibu linatoka kwenye chungu kimoja. Na jibu la `OPTIONS` kwenye linki limepunguzwa lisitaje metodi ambazo hazipatikani.

Kitu kingine kidogo lakini kinaudhi: kuna sehemu seva ilikuwa inakataa kwa 401 badala ya 403. Simu ikiona 401 inadhani haijajitambulisha, inatoa kile kidirisha cha pasiwedi, na mtu wa linki ya wazi hana pasiwedi yoyote ya kuweka, anaanza kujaribu pasiwedi ya Facebook. 403 maana yake nimekuelewa ila hapana, na ndani yake tumeweka `DAV:need-privileges` ili programu ijue ni ruhusa ipi iliyokosekana.

Ijumaa

Mzee mwenye magari ya utalii, Njiro, kaja ofisini mwenyewe. Kakasirika kwa adabu, ile ya wazee.

"Kijana, mmeniharibia. Madereva wangu hawawezi tena kuandika siku za sevisi."

Shikamoo mzee, karibu ukae, siku za sevisi wanaandika wapi? Kwenye linki. Ile ile aliyowatumia malodji na mawakala wajue Land Cruiser ipi iko huru. Madereva waligundua siku nyingi kwamba inaandikika, wakaigeuza daftari la gereji, gari fulani limeingia kubadilisha bushi, lisipangiwe safari mpaka Jumatano. Kwa mzee hilo tundu lilikuwa huduma, tena nzuri.

Nikamuuliza, mzee, na hao mawakala nao wangeweza kufuta safari yako ya Serengeti, unalijua hilo? Kanyamaza kidogo. "Hawana sababu ya kufanya hivyo." Sababu hawana, vidole wanavyo.

Alitaka nimfungulie linki yake peke yake ibaki kama zamani. Nimemkatalia, na nimechukua muda kumweleza, maana linki haina uso. Ikiandika mtu wa linki, logi inasema imeandika linki, huwezi kujua ni dereva wa Moshi au wakala wa nje, na ukitaka kumtoa mmoja lazima ubadilishe linki kwa wote. Tulichokubaliana: madereva wanapata akaunti zao, wanaingia kwa namba ya simu, kalenda inashewa kwao kwa majina na haki ya kuandika. Linki ya mawakala inabaki ya macho tu. Mzee kasema atanipa majina, ila niwafundishe mwenyewe, yeye hana huo muda na msimu wa kuanzia Juni unakuja. Sawa mzee.

Akiwa anatoka kaongeza kwamba wakala wake mmoja Ujerumani anadai tunamhamishia safari kwa saa moja. Hii haihusiani na ruhusa kabisa. Wale wakibadilisha saa zao za majira, tofauti yetu na wao inatoka masaa mawili inakuwa moja, sisi tuko UTC+3 mwaka mzima. Matukio ya mzee yaliandikwa bila `TZID`, yani bila jina la ukanda wa saa, yanaelea, kila simu inayasoma kwa saa ya pale ilipo. Nimeyawekea Africa/Dar_es_Salaam nikaendelea na yangu.

Jumamosi

Upande wa kusoma nao si salama kama nilivyodhani.

Mama anaandika kwenye maelezo ya tukio: jina la bibi harusi, namba ya kaka mtu anayelipa, kiasi kilichobaki. Hayo yote yanatoka kwenye linki. Watu mia wa grupu wanaweza kusoma nani anadaiwa bei gani ya ukumbi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, namba ya mtu na deni lake si vitu vya kubandika ukutani.

iCalendar ina sifa ya `CLASS`, unaweza kuandika `PRIVATE` au `CONFIDENTIAL`, ila ni lebo tu, usipoiandika inahesabika `PUBLIC`, na hakuna kinachofichwa mpaka seva iamue kukificha. Kwa hiyo linki zote sasa zinatoa toleo lililochujwa: muda wa kuanza, muda wa kuisha, kanuni ya kujirudia, kitambulisho cha tukio, na neno "Imeshikwa". Maelezo, waalikwa, aliyeandaa, alamu, vyote vinabaki ndani. Mwenye kalenda akitaka kuonyesha kichwa cha tukio anawasha mwenyewe, chaguo-msingi ni kuficha.

Hapa kulikuwa na mtego uliofichika. REPORT ya kutafuta inakubali kichujio cha maneno, nipe matukio yenye neno fulani. Kama seva inatafuta kwenye data nzima alafu inachuja kabla ya kutoa, majibu yanaonekana masafi lakini mtu anaweza kutafuta namba ya simu fulani na kuona kama linarudi "Imeshikwa" moja au halirudi kitu. Hajasoma namba ila kashajua yule mtu ana sherehe tarehe ngapi. Sasa tunachuja kwanza, alafu ndo tunatafuta kwenye kilichobaki. Ni polepole zaidi kidogo, sijali. ETag, zile alama simu inaziangalia kujua kama tukio limebadilika, nazo zimetenganishwa, toleo lililochujwa lina yake, maana mama akirekebisha deni kwenye maelezo hakuna sababu simu za grupu zima zivute upya tukio ambalo kwao halijabadilika.

Jumapili jioni

Testi zimeandikwa. Kila metodi tunayoijua, PUT, DELETE, PROPPATCH, MKCALENDAR, MOVE, COPY, LOCK, POST, inapigwa kwenye linki ikiwa haina kuki, ikiwa na kuki za mwenye kalenda, ikiwa na kuki za mtu mwingine kabisa. Zote lazima zirudi 403 na baada ya hapo testi inahakiki kwamba kalenda haijabadilika hata herufi, maana kuna seva zinazokataa kwa mdomo huku zimeshaandika. Metodi isiyojulikana nayo inakataliwa, orodha ni ya vinavyoruhusiwa, sio ya vinavyokatazwa.

Tokeni za zamani hatuzibadilishi. Mwenzangu alitaka tuzizungushe zote tuanze upya. Faida ni ndogo, linki sasa haiwezi kuandika na haitoi siri, na ukizibadilisha kila mpambaji na kila lodji inapoteza kalenda bila kuelewa kwa nini. Mwenye kalenda anayetaka mpya ana kitufe.

Imepanda seva kuu saa tatu usiku. Ile sheria ya Nginx ya Jumatatu inabaki pale pale, sioni sababu ya kuitoa. Mama kapata kijani chake. Zilizobaki: akaunti za madereva mzee akileta majina, ukurasa wa kumwonyesha mwenye kalenda linki zake zote na lini zilitumika mara ya mwisho, na yale matukio ya hewa kwenye simu za watu walioandika kabla ya Alhamisi, hayo siwezi kuyafikia kutoka huku, nimemwandikia mama ujumbe wa kutupa kwenye grupu: toeni kalenda kwenye simu, muiweke upya kwa linki ile ile, na kama umeandika tarehe yako mwenyewe humo wiki hii, mpigie mama.